Gia za bodaboda zikigoma, usikimbilie kufungua injini

Kwa mwendeshaji wa bodaboda wa Magogoni, eneo la Kisauni katika Kaunti ya Mombasa, pikipiki inayogoma kuingia gia si kero ndogo. Ni siku ya kazi inayopotea huku mwenye chombo akisubiri malipo yake, mkopo ukisubiri kulipwa na jamaa nyumbani wakisubiri chakula. Ndiposa wengi, kwa wasiwasi, hukubali upesi fundi anapotamka kwamba gia zimekwisha na sharti injini ifunguliwe.

Huenda fundi huyo asiwe amekosea. Hata hivyo, kufungua injini ni kazi ya gharama. Gasketi hununuliwa upya, chombo hulala gereji, na mikono isiyo na ustadi yaweza kuacha ubovu ambao haukuwapo. Ilhali mara nyingi chanzo cha gia ngumu hakimo ndani ya sanduku la gia kamwe. Kimo kwenye waya wa klachi, kwenye oili, au kwenye cheni, mahali ambapo mwendeshaji mwenyewe anaweza kupakagua kwa spana chache.

Makala haya yanaeleza utaratibu wa ukaguzi huo, kuanzia jambo lisilogharimu kitu hadi lile linalohitaji fundi.

Oili moja, kazi tatu

Bodaboda ilianza kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Pikipiki zilienea kwa kasi nchini baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT mwaka wa 2008 kwa zile zenye injini ya chini ya sentimita 250 za ujazo. Leo nyingi ya zinazobeba abiria ni za sentimita 100 hadi 150, mathalan Boxer ya kampuni ya Bajaj na HLX ya kampuni ya TVS, zote za India.

Pikipiki hizi zina jambo moja linalozitofautisha na gari. Katika gari, injini ina oili yake na sanduku la gia lina yake, na klachi ya kawaida hufanya kazi ikiwa kavu. Katika pikipiki hizi, oili ile ile, ambayo kwa kawaida ni takriban lita moja tu, hulainisha pistoni, huogesha sahani za klachi na kulinda meno ya gia. Kwa hivyo, oili ikiharibika, viungo vyote vitatu huumia kwa pamoja, na dalili ya kwanza ambayo mwendeshaji huihisi mguuni ni gia kuwa ngumu.

Aidha, si kila oili ya gari inafaa. Baadhi zina viambato vya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Klachi ya pikipiki hushika kwa msuguano huo huo, na ukiondolewa, sahani huteleza. Kabla ya kununua, tafuta kwenye mkebe maandishi JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani kinachoonyesha kwamba oili inafaa klachi inayooga ndani ya mafuta. Uzito wake, kama vile 20W-40 au 20W-50, fuata kitabu cha pikipiki yako.

Kipimo cha oili hukaguliwa pikipiki ikiwa wima mahali tambarare. Washa injini dakika chache, izime, usubiri mafuta yatulie, kisha utazame kioo kidogo ubavuni mwa injini au kijiti cha kupimia. Iwapo oili ni nyeupe kama maziwa, imeingiliwa na maji, jambo linaloweza kumpata aliyevuka barabara iliyofurika wakati wa masika. Usiendeshe chombo hicho hadi umwage oili na kutia nyingine. Iwapo oili inayomwagwa ina vipande vya chuma, hapo ndipo fundi anapohitajika bila kuchelewa.

Jaribio la dakika tano

Kabla ya kugusa bolti yoyote, fanya jaribio hili. Simamisha pikipiki kwa stendi kuu, injini ikiwa imezimwa. Zungusha gurudumu la nyuma polepole kwa mkono, huku ukipandisha na kushusha gia moja baada ya nyingine. Usishangae gia ikikataa gurudumu likiwa limetulia. Meno ya gia yanahitaji kuzunguka kidogo ili yapatane. Chunga vidole vyako visikaribie cheni, na usilijaribu jambo hili injini ikiwa inanguruma.

Ikiwa gia zote zinaingia vyema injini ikiwa imezimwa lakini zinagoma inapowaka, shuku klachi kwanza. Haiachii sawasawa, hivyo nguvu ya injini ingali inayasukuma meno wakati unapotaka kuyabadilisha. Dalili nyingine za hali hii ni pikipiki kutaka kusonga mbele taa za barabarani ilhali umeshika klachi, kishindo kikubwa unapoingiza gia ya kwanza, na ugumu wa kupata nyutro ukiwa umesimama.

Ikiwa gia zinagoma hata injini ikiwa imezimwa na gurudumu likizunguka, tazama kanyagio la gia. Huenda limepinda kwa kuanguka, au bolti yake imelegea na meno yake kulika, hivyo mguu unasukuma lakini ndani hakusukumwi kitu. Hilo nalo hutengenezwa nje ya injini.

Waya wa klachi

Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi haina huruma kwa chuma. Waya wa klachi ambao ungedumu bara huota kutu upesi zaidi Magogoni, hasa pikipiki inapolala nje. Waya wenye kutu huvutika kwa shida na haurudi kwa wepesi. Chomoa ncha ya juu, utie matone ya oili nyepesi ndani ya ganda lake hadi yatokee chini. Ukiona nyuzi zimekatika, badilisha waya mzima. Utakatika siku ukiwa na abiria katikati ya msongamano.

Kisha pima ulegevu. Katika pikipiki nyingi ndogo, mkono wa klachi unapaswa kusogea kiasi cha milimita 10 hadi 20 nchani kabla ya waya kukaza. Ulegevu ukizidi, klachi haiachii vyema na gia hukwama. Waya ukikazwa kupita kiasi, klachi haishiki vyema, sahani huteleza na kuungua. Dalili ya kuteleza ni injini kunguruma bila kasi kuongezeka, hasa unapopanda mlima au ukiwa na mzigo.

Mazoea nayo huchangia. Katika foleni ya kuelekea Daraja la Nyali au karibu na soko la Kongowea, wengi huendesha klachi ikiwa imeshikwa nusu kwa muda mrefu. Sahani husuguana na kupata moto mkali. Ni afadhali kusubiri ukiwa kwenye nyutro, kisha kuondoka mara moja nafasi inapopatikana. Kubeba abiria zaidi ya mmoja, licha ya kuvunja sheria ya trafiki, huitwika klachi mzigo ambao haikuundiwa.

Cheni na mchanga

Cheni iliyolegea huvuta kwa kishindo, na mwendeshaji hudhani gia ndizo zinazogonga. Injini ikiwa imezimwa na gia zikiwa kwenye nyutro, sukuma cheni juu na chini katikati ya sehemu yake ya chini. Kwa pikipiki nyingi za aina hii, inapaswa kucheza kiasi cha milimita 20 hadi 30. Ipime katika sehemu mbalimbali ukizungusha gurudumu, maana cheni iliyochakaa hulegea upande mmoja na kukaza upande mwingine. Hiyo haina tiba ila kubadilishwa, pamoja na sproketi zake zote mbili.

Njia za mchanga za vichochoroni hula cheni kama msasa. Isafishe kwa mafuta ya taa, uikaushe, kisha uipake mafuta. Unapoikaza, hakikisha alama za pande zote mbili za gurudumu zinalingana, la sivyo gurudumu litakaa upogo.

Injini inapokohoa

Injini haihitaji mambo mengi. Inahitaji hewa, petroli, cheche na mgandamizo. Yakague kwa mpangilio huo, wala usiruke.

Hewa: fungua chujio. Likizibwa na vumbi, injini hukosa pumzi, hutoa moshi mweusi na hunywa petroli kupita kawaida. Kuendesha bila chujio si dawa, kwani mchanga utaingia na kukwaruza silinda.

Petroli: pikipiki ikizimika baada ya mwendo mfupi kisha ikawaka baada ya kupumzika, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivuma kuingia, tundu la kupumulia limeziba na petroli haikuwa ikishuka. Kwa pikipiki yenye kabureta, legeza bolti ya chini ya bakuli lake, umwage kilichomo kwenye chombo cha kuonea. Maji hutuama chini ya petroli na huonekana waziwazi. Fanya hivyo injini ikiwa imepoa, mbali na moto na sigara.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa imewatesa wengi. Mnamo 2018 serikali iliyatoza mafuta ya taa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kukatiza tamaa ya walaghai, ambao walinufaika na tofauti ya bei. Petroli iliyoghushiwa huifanya injini igonge inapobeba mzigo na huacha masizi kwenye plagi. Kununua kwenye chupa kando ya barabara ni kununua usichokijua.

Cheche: plagi ni kama ulimi wa mgonjwa, huonyesha hali ya tumboni. Ncha ya kahawia hafifu ni dalili ya afya. Nyeusi na kavu huashiria petroli kuzidi au hewa kupungua. Nyeusi yenye unyevu wa oili huashiria oili kupenya hadi chumba cha mwako. Nyeupe kupindukia huashiria joto jingi au petroli kidogo mno. Kabla ya kuilaumu plagi, kaza na usafishe kofia yake na viungo vya nyaya, ambavyo huku pwani hupata kutu ya kijani.

Mgandamizo: hapa ndipo kazi inapomwelekea fundi. Valvu zenye nafasi ndogo mno hazifungi sawasawa, na pikipiki huwa ngumu kuwaka, ilhali zenye nafasi kubwa hupiga kelele. Vipimo vyake ni sehemu ndogo sana za milimita, huchukuliwa injini ikiwa baridi, na havikadiriwi kwa sikio. Moshi wa samawati unaodumu ni ishara ya oili kuungua, ama kwa ringi za pistoni kulika au mihuri ya valvu kuchakaa. Kutofautisha, fundi hupima mgandamizo, hutia oili kidogo kupitia tundu la plagi, kisha hupima tena. Mgandamizo ukipanda, ringi ndizo zilizochoka. Usipobadilika, achunguze valvu.

Wakati wa kufungua

Zipo hali zisizo na njia ya mkato. Gia inayoingia kisha ikaruka yenyewe unapoongeza mafuta, gia moja isiyopatikana kabisa, mlio wa kusaga unaobadilika kwa kila gia, au vipande vya chuma ndani ya oili ni ishara kwamba meno au uma za gia zimelika. Pikipiki inayoruka gia barabarani ni hatari kwa mwendeshaji na abiria, na haifai kuendelea na kazi.

Unapompelekea fundi, mweleze ulichokagua na dalili inatokea wakati gani: injini ikiwa baridi au moto, kwa gia ipi, ukiwa na mzigo au bila. Muulize atafungua sehemu gani na kwa sababu gani, na umwombe akupe vipuri vya zamani baada ya kazi. Vipuri bandia vimejaa sokoni, hivyo dai risiti na ulinganishe kipya na kikuukuu. Sahani za klachi za bei rahisi ajabu aghalabu huungua mapema, na gharama huwa maradufu.

Oili ibadilishwe kwa wakati uliowekwa na kitabu, na mapema zaidi kwa chombo kinachofanya kazi kutwa kwenye joto na vumbi. Mwenye pikipiki asimwachie mwendeshaji mzigo huu peke yake, wala mwendeshaji asifiche dalili kwa kuogopa kulaumiwa. Lita moja ya oili na robo saa ya ukaguzi kila wiki ni gharama ndogo ikilinganishwa na injini iliyokufa. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta.