Bluetooth kati ya Kitale na Bungoma: mtandao uliokuwa hauna mwenyewe

Leo naweka programu kando. Nataka tupitie historia ya kitu kilicho mfukoni mwa karibu kila mtu: Bluetooth. Ukilitaja neno hilo siku hizi hapa Kitale, watu wanafikiria sabufa ya sebuleni, vipokea sauti vya masikioni au redio ya gari. Miaka kumi na tano iliyopita walimfikiria mtu: yule mwenye wimbo unaoutaka. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kuna mali tunayoipoteza kwa sababu yake, na muda wa kuiokoa si mrefu.

Ilikotoka

Mwaka 1994 kampuni ya Ericsson ya Sweden ilianza kutafuta njia ya kuunganisha simu na vifaa vyake bila waya. Kazi ilifanyika mjini Lund, na mhandisi Mholanzi, Jaap Haartsen, alikuwa miongoni mwa walioiongoza. Jina lilipendekezwa mwaka 1997 na Jim Kardach wa Intel, kwa kumkumbuka Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu wake. Mwaka 1998 Ericsson, Intel, Nokia, IBM na Toshiba wakaunda umoja ili kifaa cha kampuni moja kielewane na cha nyingine.

Inafanyaje kazi? Inatumia mawimbi ya redio ya 2.4 GHz yaliyogawanywa katika chaneli 79. Vifaa viwili vikishaungana vinaruka pamoja kutoka chaneli hadi chaneli, mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio vinavyoujua vyenyewe. Ndiyo maana abiria wengi wa matatu moja wanaweza kuitumia kwa pamoja bila kuharibiana sana. Umbali wa kawaida kwa simu ni kama mita 10.

Kumbuka lengo la wahandisi wale: kuondoa waya kati ya simu na kifaa chake. Huku kwetu watu waliona kitu kingine.

Ilivyotumika huku

Kabla yake kulikuwa na infraredi. Simu mbili ziliwekwa mezani zikitazamana kama watu wanaonong'onezana, na ukiisogeza moja kazi imeharibika. Wimbo mmoja ungechukua dakika kadhaa. Tena simu nyingi za wananchi, kama Nokia 1100 ya mwaka 2003 yenye tochi, hazikuwa na infraredi wala Bluetooth.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa muongo ule. Zilikuja simu kama Nokia 3110 classic ya 2007, kisha simu za Kichina zenye laini mbili na spika ya kupiga kelele mtaa mzima. Mwezi Juni 2009 serikali iliondoa kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye simu. Mwaka huohuo nyaya za baharini zilifika Mombasa, maana kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia satelaiti na bei yake haikushikika. Kwa hiyo simu zilimfikia mwananchi kabla ya intaneti nafuu kumfikia, na pengo hilo likazibwa na Bluetooth.

Mimi nilikuwa shule ya msingi Bungoma. Simu hazikuwa zangu, lakini macho yalikuwa yangu. Mtu mmoja alilipa shilingi chache kioskini awekewe nyimbo kwenye kadi ya memori, na kufikia jioni nyimbo zile zilikuwa kwa kijiji kizima. Ulimwambia mwenzako "nirushie", mkaandika 0000 au 1234 kila mmoja kwenye simu yake, basi. Katika matatu za kutoka Kitale wimbo ulipanda Kiminini na mtu mmoja, ukashuka Kamukuywa na mwingine, ukafika Webuye na watatu. Hakuna aliyelipia bando, na hakuna kampuni iliyojua kwamba wimbo umepita.

Na hazikuwa nyimbo za Nairobi pekee. Zilikuwemo za litungu zilizorekodiwa nyumbani kwa mtu. Zilikuwemo nyimbo za tohara za Agosti, ambayo kwa Wabukusu huja miaka inayogawanyika kwa mbili. Ilikuwemo hata sauti ya mzee wa kumuse akihutubia waombolezaji baada ya mazishi, akitaja koo na historia zake. Hayo hayakuchapishwa popote. Yaliishi ndani ya simu.

Simu za kisasa zikaingia

iPhone ya kwanza, mwaka 2007, haikukubali kutuma faili kwa Bluetooth kwenda simu nyingine, na hadi leo iPhone haifanyi hivyo kwa njia ile ya zamani. Android ilikubali. Safaricom ilipoanza kuuza Huawei IDEOS mwaka 2011 kwa chini ya shilingi 10,000, wengi walishika Android kwa mara ya kwanza. Lakini pamoja nayo ilikuja WhatsApp, kisha Xender, inayotumia Wi-Fi na kuiacha Bluetooth mbali kwa kasi. Mwaka 2016 iPhone 7 ikaondoa tundu la vipokea sauti, na watengenezaji wengine wakafuata. Bluetooth ikarudi kwenye kazi iliyozaliwa nayo: simu na kifaa chake.

Katikati ya safari hiyo, usiku wa Septemba 30, 2012, Tume ya Mawasiliano, CCK, iliamuru simu bandia zizimwe. Karibu milioni 1.9 zilikatwa. Mitandao ilizikataa kwa nambari zake za IMEI, basi hazikuweza kupiga simu, lakini Bluetooth haipitii mtandao wa kampuni yoyote, na simu "iliyokufa" iliendelea kurusha nyimbo. Hata hivyo wenyewe walinunua nyingine, na za zamani zikaishia kabatini zikiwa na sauti ndani yake.

La kufanya

Habari njema ni kwamba Bluetooth haijasahau wazee wake. Simu ya Android ya leo bado inaelewana na Nokia ya 2007. Tafuta betri ya BL-5C, ambayo simu nyingi za wakati ule zilitumia. Ichaji, washa Bluetooth pande zote mbili, ziunganishe, halafu tuma faili moja moja. Rekodi za sauti mara nyingi huishia na .amr, na video na .3gp. Ukishazipata, andika jina la anayesikika, mahali na mwaka wakati bado kuna anayekumbuka. Weka nakala kwenye kompyuta, usitegemee WhatsApp peke yake: video ikitumwa huko kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora.

Hapa Kitale tuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1974, na chanzo chake ni mikusanyo ya mlowezi mmoja, Stoneham, aliyejishughulisha na wadudu. Wadudu wa Trans Nzoia walipata wa kuwatunza. Sauti za wazee wetu ziko kwenye Nokia iliyopasuka kioo, chini ya nguo, na betri yake inavimba.

Kwa leo naishia hapo. Nenda ukafungue lile kabati.