Walifika Bremen? Punda mzee, jogoo wa shamba na methali zetu

Juzi mjukuu wangu wa miaka sita alinibwagia kitabu cha picha mapajani na kuniamuru nisome. Jaladani alikuwapo punda. Mgongoni mwa punda alisimama mbwa, juu ya mbwa paka, na juu ya paka jogoo. Wote vinywa wazi, wanaimba. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo nilisoma nikitafsiri papo kwa papo. Nilipomaliza, alinikazia macho kama hakimu.

"Babu, kwani walifika Bremen?"

Nikamwambia hawakufika.

"Sasa mbona wanaitwa wanamuziki wa Bremen?"

Nimefundisha fasihi kwa zaidi ya miaka thelathini, na nakiri kwamba swali hilo sikuwahi kujiuliza. Hebu leo tulitafutie jibu pamoja, mpenzi msomaji, maana njia ya kulifikia jibu hilo inapitia katika methali zetu wenyewe.

Kwa asiyekijua, kisa ni hiki. Punda amembebea mwenye kinu magunia ya nafaka miaka na mikaka. Nguvu zinapomwishia, mwenyewe anaanza kupiga hesabu za kuokoa gharama ya chakula chake. Punda anang'amua njama hiyo, anatoroka na kushika njia ya Bremen, akidhamiria kuwa mwanamuziki wa mji. Njiani anakutana na mbwa wa mawindo asiyeweza tena kukimbia, paka ambaye meno yamekuwa butu na bibi yake anataka kumtosa majini, na jogoo ambaye kesho atatiwa mchuzini kwa ajili ya wageni. Punda anawaalika wote. Usiku wanaona taa katika nyumba ya wanyang'anyi msituni. Wanapandana migongoni dirishani, wanapaza sauti kwa pamoja, na wanyang'anyi wanatimua mbio. Mmoja wao anarudi gizani kupeleleza. Paka anamparura, mbwa anamng'ata, punda anampiga teke na jogoo anawika. Hawarudi tena. Wanyama wanaipenda nyumba ile, wanabaki pale pale. Bremen inasahaulika.

Kisa hiki kilichapishwa na ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm. Juzuu ya kwanza ya hadithi zao ilitoka mwaka 1812 na ya pili 1815, lakini punda wetu hayumo humo. Aliingia katika toleo la pili, la mwaka 1819. Kina Grimm walikipata kisa hiki kwa familia ya von Haxthausen, ya eneo la Paderborn. Familia hiyo ilikuwa ya makabaila, watu wenye mashamba na watumishi. Ajabu iliyoje, kwamba kisa cha watumishi wanaotoroka kilihifadhiwa sebuleni kwa mabwana! Lakini si wao waliokitunga. Mwaka 1595, zaidi ya karne mbili kabla ya kina Grimm, Georg Rollenhagen alikuwa amesimulia katika utenzi wake habari za wanyama wanaoingia nyumba ya msituni na kuwafukuza wenyewe. Wataalamu wa fasihi simulizi wamevipa visa vya aina hii namba 130 katika orodha yao ya kimataifa.

Na picha je? Kitabu cha kwanza cha kina Grimm hakikuwa na michoro ya hadithi. Kilikuwa na maelezo ya kitaalamu, kana kwamba kiliandikwa kwa ajili ya watu kama mimi badala ya mjukuu wangu. Mwaka 1823 Mwingereza Edgar Taylor alitoa tafsiri ya baadhi ya hadithi hizo jijini London, nayo ikachorwa na George Cruikshank. Kitabu kilipendwa mno. Kina Grimm wakajifunza, na mwaka 1825 wakatoa toleo dogo la hadithi 50 lenye michoro ya mdogo wao, Ludwig Emil. Mwaka 1882 alifuata Walter Crane, aliyechora tafsiri ya dada yake Lucy. Mwaka 1944, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, Mswisi Hans Fischer alikitolea kisa hiki kitabu kizima cha picha. Hivyo ndivyo kisa cha wazee wanaotaka kuuawa kilivyogeuka kuwa kitabu cha kulalia watoto.

Sasa tuje kwenye lugha. Nilitafsiri jina la kundi hilo kama "wanamuziki wa mji," na hapo nikajikwaa. Katika miji ya Ujerumani ya zamani, mwanamuziki wa mji alikuwa mwajiriwa. Alilipwa na mji ili apige tarumbeta mnarani, arusini na katika sherehe za baraza. Johann Ambrosius Bach, baba yake Johann Sebastian Bach, alifanya kazi hiyo mjini Eisenach. Sisi tukitaka kumwonjesha msomaji hadhi ya kazi hiyo, labda tumkumbushe wapiga siwa wa Lamu na Pate, maana siwa haikupulizwa na kila mpita njia. Kwa hivyo punda hakuwa akiota usanii tu. Alikuwa akitafuta ajira: mshahara na heshima, tena uzeeni!

Na angepiga ala gani? Kisa kinasema angepiga ile ambayo Waingereza huiita "lute." Wengine wangeandika "gitaa" na kujiendea zao. Lakini jina la ala hiyo ya Ulaya limetokana na neno la Kiarabu al-ud, neno lile lile lililotupa sisi "udi" wa taarabu. Basi punda wa Kijerumani anapiga udi, na mfasiri hajamdanganya mtu.

Kizingiti kikubwa zaidi ni jogoo. Yule mnyang'anyi anaporudi kwa wenzake, anasimulia kwamba juu ya paa ameketi hakimu anayepiga kelele mhalifu aletwe mbele yake. Kumbe ni jogoo tu aliyewika! Ucheshi wote umo katika mfanano wa sauti, na kila lugha ina jogoo wake. Wa Kijerumani huwika kikeriki. Wa kwetu huwika kokoriko. Mfasiri wa Kiswahili akiandika "mleteni hapa yule mwovu," ametoa maana na kumuua jogoo. Mimi nilipomsomea mjukuu wangu nilisema "Mleteni!" Hesabu silabi: ko-ko-ri-ko, m-le-te-ni. Nne kwa nne, na mkazo uko palepale, kwenye silabi ya tatu. Mtoto alicheka mpaka akateleza kitini. Nikajua tafsiri imepita mtihani.

Lakini kilichoninyima usingizi usiku ule ni methali. Tunazo tatu ambazo kisa hiki kinazihoji moja baada ya nyingine. Ya kwanza: punda afe mzigo ufike. Ya pili: shukrani ya punda ni mateke. Ya tatu: jogoo wa shamba hawiki mjini. Ukizitazama vizuri, zote zimesemwa na mwenye mzigo na mwenye mji. Hakuna hata moja iliyosemwa na punda. Katika kisa hiki aliyekosa shukrani ni mwenye kinu. Punda hakumpiga teke. Alijiondokea kimya kimya. Teke lake alimwekea mnyang'anyi.

Wala si kwamba Kiswahili hakina punda aliyetoroka. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizozikusanya Unguja, na mojawapo ina kisa cha punda wa dobi. Ni kisa cha kale kilichosafiri kutoka Bara Hindi. Punda yule alimkimbia dobi, akaingia msituni akanenepa. Sungura akambembeleza kwa maneno matamu mpaka kwa simba. Mara ya kwanza aliponea chupuchupu, akarudi tena, akaliwa. Sungura akala moyo na masikio, kisha akadai kwamba punda yule hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi. Tangu hapo tumemcheka punda kwa ujinga wake.

Nadhani tumemwonea. Punda wa dobi na punda wa mwenye kinu walifanya uamuzi mmoja, kukimbia utumwa. Tofauti yao si akili. Wa dobi alikuwa peke yake, hakuwa na wa kumwambia "usirudi huko." Wa mwenye kinu, kila alipokutana na mnyonge mwenzake, alisimama akamuuliza ana nini, kisha akamwambia twende. Huo ndio muziki wenyewe. Kila mmoja akiimba kivyake ni makelele. Wakipandana migongoni, ni jeshi.

Kuna mtu atauliza: haya ya wanyama yanatuhusu nini? Miaka 70 kamili baada ya toleo lile la 1819, yaani mwaka 1889, bunge la Ujerumani lilipitisha sheria ya bima ya uzee, iliyowapa malipo wafanyakazi waliofikia umri wa miaka 70. Sisemi punda ndiye aliyeileta sheria hiyo. Nasema jamii ilichukua muda mrefu kukubali alichokijua punda, kwamba aliyebeba magunia akiwa na nguvu anastahili kula nguvu zikimwisha. Kwetu, hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii iliundwa mwaka 1965, na bado mamilioni ya wanaobeba magunia, mikokoteni na watoto wa watu hawamo humo.

Na kama unataka punda halisi, wapo. Mwaka 2020 serikali yetu ilipiga marufuku biashara ya kuchinja punda, ambao ngozi zao zilikuwa zikisafirishwa ng'ambo kutengenezea dawa ya Kichina iitwayo ejiao. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliiondoa marufuku hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kuizuia biashara hiyo barani kote. Mama anayeteka maji kwa punda hahitaji profesa amweleze thamani ya mnyama huyo. Ngozi huuzwa mara moja. Mgongo hubeba maji kila siku.

Mjini Bremen, kando ya jengo la baraza la mji, iko sanamu ya shaba ya wanyama hao wanne, iliyosimamishwa mwaka 1953. Aliyeichonga ni Gerhard Marcks, ambaye mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimfukuza kazi ya ualimu wa sanaa, na baadaye ukaziita kazi zake sanaa potovu. Aliyefukuzwa akawachonga waliofukuzwa. Wageni huishika miguu ya mbele ya punda wapate bahati, hata shaba imeng'aa. Wenyeji hutania kwamba sharti uishike kwa mikono miwili. Ukishika kwa mmoja, huo ni punda mmoja anamwamkua mwenzake.

Basi nimepata jibu la mjukuu wangu. Walifika, lakini kama sanamu, zaidi ya miaka 130 baada ya kisa kuchapishwa. Wao wenyewe hawakuhitaji kufika. Bremen lilikuwa jina la kuwatoa zizini. Walichokuwa wakikitafuta mjini, chakula, paa na wenzao, walikipata njiani.

Nilimweleza hayo jana. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo jogoo wa shamba aliwika msituni."

Methali hiyo sina budi kuiandika upya.