Lishe ya kisukari katika Bonde la Kilombero

Lishe ya kisukari ni utaratibu wa kula unaoiweka sukari ya damu katika kiwango salama, peke yake au pamoja na dawa. Katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, jambo hili ni zito: mpunga ndio chakula na ndio fedha, na upande wa Kidatu yamejaa mashamba ya miwa.

Wali na kitoweo

Mchele unaopendwa Ifakara, mji wa bonde hili, ni mweupe, uliokobolewa, wa aina ya supa ukiwemo. Pumba ikishaondoka, wanga humeng'enywa upesi na sukari hupanda. Kumwambia mkulima wa mpunga aache wali kabisa ni ushauri usiotekelezeka, wala hauhitajiki. Kinachopunguzwa ni kipimo: robo ya sahani wali au ugali, robo kitoweo, nusu mboga. Bonde halikosi vya kujazia sahani hiyo: kambale na perege wa mtoni, kunde, choroko, mbaazi, matembele, kisamvu, bamia, mlenda. Dona ni bora kuliko sembe, ila bonge kubwa la dona nalo hupandisha sukari. Vitumbua, soda na maji ya miwa ni vya kuepukwa, na chai inywewe bila sukari.

Msimu wa shamba

Wakati wa kilimo familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya shambani, mbali na zahanati. Jembe hutumia sukari ya mwili. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi akilima bila kula, sukari hushuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Hapo sukari ndiyo tiba, vijiko vitatu au vinne vya chai katika maji, kisha chakula. Pombe huongeza hatari hii.

Utafiti

Utafiti wa vijijini Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa wenye miaka 25 hadi 64, ulitoa asilimia 9.1. Bondeni kwenyewe, Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanzia kwenye maabara ya Mswisi Rudolf Geigy miaka ya 1950, imejulikana zaidi kwa utafiti wa malaria. Kuhusu lishe yenyewe, jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliopunguziwa sana chakula chini ya uangalizi waliishi bila dawa, sukari ikiwa chini ya kiwango cha ugonjwa.

Anayetumia insulini asifunge wala asipunguze chakula kabla ya kuonana na daktari, kwa kuwa dozi nayo hubadilishwa.