Mtoto Mnono Hutoka Mgongoni

Simama Malaba alfajiri uone kina mama wa Chakol wakielekea ng'ambo na mizigo kichwani, mtoto mgongoni. Huku mpakani ndiko neno bodaboda lilikozaliwa, enzi za baiskeli zilizobeba watu kutoka boda hadi boda. Biashara hiyo tunaisifu sana. Lakini huyo mtoto mgongoni, anakuaje?

Swali hili lina historia, na sehemu yake iko Kampala, mwisho wa barabara hii hii.

Mwaka wa 1935, daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast (Ghana ya leo), aliuandikia ulimwengu wa udaktari kuhusu ugonjwa wenye jina la lugha ya Ga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto ambaye mdogo wake amezaliwa. Ona basi: jina lenyewe halitaji chakula. Linataja nafasi iliyopotea kwa mama. Madaktari wengi waliofuata, hata pale Mulago, walihesabu zaidi protini.

Mwaka wa 1954 akaja Kampala mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Hakuwa na maabara. Alikwenda vijijini, akakaa sebuleni kwa akina mama 26 wa Kiganda waliokuwa na watoto 28, akirudi tena na tena kwa miezi. Aliona kwamba watoto wa akina mama waliozisoma na kuzijibu haraka ishara za watoto wao walikuwa watulivu zaidi, wakathubutu kutambaa mbali kuchunguza dunia. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1967, na nadharia inayofundishwa leo vyuoni kote duniani ina mizizi kwenye sebule hizo.

Halafu mwaka wa 1965 Mulago ikafungua kituo cha lishe, Mwanamugimu. Jina hilo limetoka kwa methali ya Kiganda inayosema mtoto mwenye afya hutoka kwenye ngozi, yaani mbeleko ya mama yake. Pale mtoto hakutibiwa peke yake. Mama alikaa naye, akapika, akajifunza kuchanganya vyakula vya shambani kwake. Mama hakuwa mgeni wa wodi, alikuwa sehemu ya dawa.

Sasa turudi Malaba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 inampa mama mwajiriwa miezi 3 ya likizo ya uzazi yenye malipo. Mama wa mitumba hana mwajiri, kwa hivyo hana likizo. Akijifungua, anarudi sokoni mapema, maana kapu lisipouzwa hakuna unga.

Tukimwona mtoto amedumaa, sisi huuliza haraka, "Kwani anakula nini?" Swali si baya, ila ni nusu. Nusu nyingine wazee wa Buganda walishaijua: je, mgongo uliombeba umepumzika lini?