Safroli na ladha za mimea: je, zinaleta kansa?

Safroli ni mafuta yenye harufu nzuri ambayo mimea fulani hujitengenezea yenyewe. Imo kidogo katika muskade (kungumanga) na kwa wingi sana katika maganda ya mizizi ya sasafrasi, mti wa Amerika ya Kaskazini. Watu wa huko walichemsha mizizi hiyo tangu zamani kama dawa, na baadaye viwanda vikatia mafuta yake katika kinywaji kitamu kiitwacho root beer. Hakuna aliyeogopa. Ilikuwa kitu cha mti.

Kisha panya wa maabara waliolishwa safroli nyingi kwa muda mrefu wakapata kansa ya ini. Mwaka 1960 serikali ya Marekani ikaikataza katika chakula. Watafiti James na Elizabeth Miller, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walisaidia kueleza sababu: ini lenyewe, likijaribu kuiondoa safroli mwilini, huigeuza kuwa kitu kinachonasa kwenye ADN ya chembe zake. Estragoli, iliyomo katika shamari na aina kadhaa za mrehani, hufuata njia hiyo hiyo. Methileujenoli, ya mrehani na muskade, vilevile. Eujenoli ya karafuu ina jina la kufanana, lakini si ile.

Mama wengi watauliza: basi tuache mrehani? Hapana. Mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliweka methileujenoli katika kundi 2A, maana yake huenda inaleta kansa kwa binadamu. Lakini makundi hayo yanapima nguvu ya ushahidi. Hayasemi hatari iliyomo katika sahani yako ni kubwa kiasi gani. Umoja wa Ulaya unakataza kutia safroli, estragoli au methileujenoli tupu katika chakula, na unaweka mpaka: safroli isizidi miligramu 1 kwa kilo ya kinywaji kisicho na pombe. Marekani, mwaka 2018, iliondoa methileujenoli ya kiwandani na kuiacha ile inayotoka katika mmea, ingawa kwa ini ni kitu kimoja. Sheria ina mambo yake!

Tunachoona sisi ni kwamba tofauti iko kati ya jani na chupa. Majani machache katika sufuria ni kidogo. Mafuta yaliyokamuliwa yamekusanya nguvu ya majani mengi sana, na kuyanywa kwa matone kila siku, kwa sababu muuzaji amesema ni ya asili, ni jambo lingine kabisa. Chai ya shamari pia isiwe kinywaji cha kila siku cha mtoto mchanga, wala cha mama mjamzito au anayenyonyesha.

Na ikiwa ni ini tunalolihofia, kwetu kuna adui aliye karibu zaidi kuliko muskade: karanga na mahindi yenye kuvu. Aflatoksini, sumu ya kuvu hiyo, iko kundi 1, pamoja na pombe, na humdhuru zaidi mwenye hepatiti B. Nayo pia ni ya asili. Kupika hakuiondoi yote. Karanga zilizonyauka, chungu au zenye kuvu zitupwe. Zisisagwe kuwa unga, wala kuku wasipewe.