Kilombero: Mto uliowapima wote waliotaka kuuvuka

Haikufika dakika moja. Mke wangu alianza kuhesabu kwa saa ya simu matairi ya mbele yalipogusa daraja, akaisimamisha tulipotua upande wa Ulanga. Akanyamaza. Kisha akasema, “Baba watoto, hapa mama alilala usiku kucha na mimi mgongoni.”

Alikuwa mtoto wa miaka miwili, homa imempanda. Mama yake alitoka naye Mahenge kumpeleka hospitali Ifakara, wakafika mtoni giza limeshaingia na pantoni imeshalala. Ng'ambo waliiona kwa macho, lakini kuifikia ilibidi wasubiri kupambazuke. Kisa hicho nimekisikia mara nyingi mezani kwa mama mkwe, Mwenyezi Mungu amrehemu. Siku ile, baada ya kuvuka daraja lenye urefu wa mita 384, ndipo nilipokielewa.

Tulikuwa safarini kuadhimisha miaka ishirini ya ndoa. Badala ya sherehe, hela ya ukumbi tuliitia mafuta. Kwetu anayetafuta miji ya kale huenda Bagamoyo, Kilwa au Unguja. Sisi tulitoka Morogoro, tukafika Mikumi, tukakata kushoto. Nilitaka kumwonyesha mke wangu kwamba njia ya kwao nayo ni kitabu cha historia. Mwishowe yeye ndiye aliyenifundisha kukisoma.

Sukari, umeme na milimita 67

Barabara ya kutoka Mikumi hushuka kati ya vilima hadi harufu ya miwa inapokupokea. Hapo ni Ruaha na Kidatu, miji miwili iliyotenganishwa na Mto Ruaha Mkuu na kuunganishwa na sukari. Kiwanda cha Kilombero kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na sukari ndiyo iliyoivuta reli: tawi la Reli ya Kati lililotoka Kilosa kupitia Mikumi lilifika Kidatu mwaka 1965. Miaka kumi baadaye, mwaka 1975, bwawa la Kidatu lilianza kuzalisha umeme, na leo mitambo yake minne ina uwezo wa megawati 204.

Kidatu ina jambo jingine ambalo msafiri hulipita bila kujua. Ndipo reli mbili za nchi hii zinapokutana bila kuweza kuchangia mabehewa. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Ya TAZARA, inayokwenda Zambia, ina 1,067. Tofauti ni milimita 67, haifiki hata upana wa kiganja cha mtu mzima, lakini inatosha kuisimamisha treni yote. Kituo cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja kwenda nyingine kilipatikana mwaka 1998, zaidi ya miaka ishirini tangu TAZARA ikamilike. Katika bonde hili kuna vivuko visivyo na maji.

Kutoka Kidatu, Milima ya Udzungwa hukaa mkono wako wa kulia kama ukuta wa kijani hadi unapoikaribia Ifakara. Mang'ula ndiyo makao ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1992, na maporomoko ya Sanje hushuka huko kwa takribani mita 170. Msituni humo anaishi kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, wakampa jina la Sanje. Wenyeji walikuwa wanaujua mlio wake na walikuwa na jina lao la kumwita. Hilo tuliweke akilini, maana katika bonde hili mambo mengi yalijulikana na wenyeji muda mrefu kabla hayajaandikwa.

Ndoto ya reli

Pembeni ya barabara, reli ya TAZARA hujitokeza na kupotea. Mwingereza aliitamani njia hii mapema: mwaka 1929 mhandisi Clement Gillman alitoa ripoti ya upimaji wa reli ya kuifungua kusini magharibi mwa Tanganyika, na Bonde la Kilombero lilikuwamo katika hesabu zake. Haikujengwa. Baada ya uhuru, mataifa ya Magharibi na Benki ya Dunia hawakuona faida ya reli ya kwenda Zambia. China ilikubali mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na kufikia 1975 kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zilikuwa zimetandikwa. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako mafundi wa Kichina na maelfu ya Watanzania walitoboa milima na kuziba makorongo ili treni ipande kutoka bondeni kwenda nyanda za juu.

Reli iliubadilisha ukingo wa kaskazini. Mpunga wa Ifakara, Mngeta na Mlimba ulipata behewa. Lakini haikuvuka mto kwenda Mahenge. Aliyekuwa ng'ambo ya kusini aliendelea kungoja pantoni.

Mji wa baiskeli na vyandarua

Ifakara tuliingia jioni kupitia Kibaoni. Bado ni mji wa baiskeli: mwanamke wa makamo alitupita amefunga gunia la mchele kwenye keria na mtoto kwa kanga mgongoni, miguu yake ikizungusha pedeli polepole bila papara. Simulizi moja inayorudiwa sana hulihusisha jina la mji huu na kufa, na kwa aliyeujua miaka ya nyuma jina hilo halikuwa la mzaha. Maji yanayoleta mpunga ndiyo yanayoleta mbu.

Mwaka 1949 mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, alifika hapa, na mwaka 1957 taasisi yake ya Basel ikafungua maabara ndogo. Maabara hiyo ilikua, ikawa taasisi ya Kitanzania mwaka 1996, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijiji vya Kilombero na Ulanga viliuziwa vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu, na yaliyojifunzwa hapa yaliisaidia nchi nzima kuamini kwamba chandarua huokoa mtoto. Nilimtazama mke wangu, mtoto wa homa ya kivukoni, akila wali kwa kitoga kwenye mgahawa wa mjini. Nilishukuru kimoyomoyo.

Wanandoa waliotutangulia

Uwanda wa Kilombero una urefu wa takribani kilomita 260, na masika mto hutoka kwenye kingo zake ukatawanyika hadi macho yachoke. Tangu mwaka 2002 ardhi oevu hii inalindwa chini ya Mkataba wa Ramsar, na ndiyo inayoupatia Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Zamani mwenye mamlaka juu ya safari hapa alikuwa mwenye mtumbwi. Wandamba, wavuvi wa bonde, walijua mkondo upi una viboko na upi umejaa mchanga. Wambunga walipoingia Ifakara katika karne ya 19, na misafara ya wafanyabiashara, wote waliwahitaji watu wa mtumbwi.

Katika miaka ya 1930, mke na mume wengine walizunguka bonde hili. Walikuwa Waingereza: A. T. Culwick, ofisa wa utawala wa kikoloni, na mkewe G. M. Culwick. Katika ramani za wakati huo mto uliitwa pia Ulanga, na safari zilikuwa za miguu na mitumbwi. Wanandoa hao waliandika juu ya Wabena wa bondeni kitabu kilichotoka mwaka 1935, kikiwa na sehemu ya historia iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Waliendelea na utafiti wa idadi ya watu na vyakula vyao. Ni kazi yenye thamani, ingawa ilifanywa na mtu wa serikali ya kutawala. Ndani yake tunawakuta watemi na koo zao. Waliopiga pondo kuwavusha watafiti hao, wakiwa wamesimama tezini na mguu mmoja mbele, majina yao hatunayo.

Mitumbwi ikafuatiwa na pantoni. Foleni ya malori ikawa sehemu ya maisha, wachuuzi wa samaki na mihogo wakajipatia riziki kwenye kusubiri. Januari 2016, kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka kikiwa na abiria na magari. Daraja lilikuwa tayari linajengwa karibu yake. Mei 2018 Rais John Magufuli alilizindua, nalo likapewa jina lake.

Mahenge, 1905

Kutoka darajani barabara hupita Lupiro, kisha hupanda milima hadi hewa inapobadilika ghafla na vioo vya gari kuanza kufifia kwa ukungu. Wajerumani waliifanya Mahenge kituo cha jeshi, na mwinuko huo uliwafaa: aliye juu humwona anayekuja.

Tarehe 30 Agosti 1905, mwezi mmoja tu baada ya Vita vya Maji Maji kuwaka Umatumbi, maelfu ya Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge. Waliotokea upande wa Ifakara ilibidi kwanza wauvuke mto. Walikuwa wamepakwa maji ya dawa, wakiamini risasi zitageuka maji. Boma lilikuwa na bunduki mbili za rashasha. Wengi walianguka siku hiyo, lakini waliobaki walilizingira boma hadi Septemba 20, Kapteni Ernst Nigmann alipowasili na kikosi kutoka Iringa. Kisha jeshi la Wajerumani likachoma mashamba na maghala, na njaa ikamaliza kazi ya risasi. Makadirio ya waliokufa kusini nzima huanzia watu 75,000 hadi 300,000. Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, ni askari Wakongo chini ya Wabelgiji walioingia Mahenge.

Mengi tunayoyajua juu ya 1905 kutoka midomo ya Waafrika tunayajua kwa sababu mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda vijijini, wakakaa chini na wazee waliovikumbuka vita, wakaandika. Wangechelewa miaka kumi, wengi wa wazee hao wangekuwa kaburini. Historia ya kuvuka Kilombero iko katika saa kama hiyo sasa. Tangu daraja lifunguliwe, mtoto anayezaliwa Lupiro hatajua pantoni ni kitu gani. Ni jambo la kushangilia. Lakini tusiwaache waliotuvusha wapotee pamoja na mitumbwi yao.

Tuliporudi tuliegesha gari Kivukoni, tukateremka kwa miguu hadi ilipokuwa gati ya zamani. Mzee mmoja alikuwa anakung'uta nyavu, mtumbwi wake umelala ubavu kwenye nyasi, pondo refu limeng'arishwa na mikono.

“Shikamoo, mzee wangu,” mke wangu alimsalimu.

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

Akamweleza juu ya usiku ule wa homa na mama yake. Mzee aliweka nyavu chini. Alisema alikuwa kijana wakati huo, na kwamba kulipopambazuka watu wenye wagonjwa walivushwa kwanza, kwa mtumbwi, bila kuisubiri pantoni. Mara nyingi bila nauli.

Mke wangu alifungua mkoba, akatoa daftari na kalamu, akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi. “Mzee wangu, niambie majina ya wavushaji wote unaowakumbuka.”

Mzee aliutazama mto kwa muda. Kisha akaanza na jina la baba yake.