Strokestown Park

Strokestown Park ni nyumba ya kikabaila yenye mashamba, iliyopo pembeni mwa mji mdogo wa Strokestown, katika kaunti ya Roscommon nchini Eire. Inajulikana hasa kwa historia yake wakati wa Njaa Kuu ya miaka 1845 hadi 1852.

Historia

Familia ya Mahon ilipata ardhi hiyo katika karne ya 17, na nyumba ya sasa ilijengwa katika karne ya 18. Jikoni kuna roshani ambayo bibi wa nyumba aliitumia kuwasimamia wapishi bila kushuka. Watumishi walipita katika njia ya chini ya ardhi ili wageni wasiwaone.

Njaa Kuu

Wakulima wapangaji walitegemea viazi kama chakula kikuu. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu ulianza kuharibu mazao, wakashindwa kulipa kodi ya ardhi. Mwenye mali, Meja Denis Mahon, aliona kwamba kuwasafirisha hadi Kanada kungemgharimu kidogo kuliko kuwatunza. Mwaka 1847 wapangaji 1,490 walitembea kwa miguu hadi Dublin, wakavuka bahari hadi Liverpool na kupanda meli za kwenda Quebec. Kati ya abiria 476 wa meli ya Virginius, 158 walifariki safarini. Wapangaji wengine walifukuzwa katika makazi yao. Tarehe 2 Novemba 1847 Mahon aliuawa kwa kupigwa risasi.

Maeneo ya jirani

Kusini mwa mji kuna kilima cha Slieve Bawn. Upande wa kaskazini-magharibi uko mji wa Elphin, wenye kinu cha upepo cha karne ya 18 kilichokarabatiwa. Karibu na kijiji cha Tulsk ipo Rathcroghan, makao ya kale ya wafalme wa Connacht.

Siku hizi

Mwaka 1979 familia iliuza mali hiyo kwa kampuni ya wenyeji. Ndani ya nyumba zilikutwa hati nyingi za wakati wa njaa, zikiwemo barua za wapangaji wakiomba msaada. Hati hizo ndizo msingi wa Makumbusho ya Taifa ya Njaa, yaliyofunguliwa hapo mwaka 1994. Njia ya kumbukumbu yenye urefu wa kilomita 165 hufuata safari ya wapangaji hao hadi Dublin.